MAZUNGUMZO YA JUMA HILI: Sweta Nyekundu

Juma hili nataka kuwasimulia habari ya sweta, na kabla hamjageuza ukurasa mkitafuta bei ya kahawa nawaomba mnivumilie kidogo, maana habari yenyewe yanihusu mimi na kosa langu, na yamkini yawahusu wengi wenu pia.

Mama yangu ni mkulima. Ana mikahawa yake, ng'ombe wawili wa maziwa, na sanduku la bati alilokuja nalo siku ya kuolewa. Tangu baba alipofariki, nguo zilizokuwamo sandukuni zilikuwa za namna moja: sketi ya buluu nzito, gauni la kijivu la kazi, gauni la kahawia la kwendea kanisani, na vitambaa viwili vyeupe vya kichwa. Hapana mtu aliyemwamuru kuvaa hivyo. Ilikuwa hivyo tu, mwaka baada ya mwaka, hata sisi watoto wake tukadhani kwamba rangi hizo ni sehemu ya mwili wake.

Siku moja nilikwenda kwetu mwisho wa mwezi, nikamkuta amesimama mlangoni amevaa sweta nyekundu. Sisemi nyekundu ya matofali, wala ile iitwayo damu ya mzee; nasema nyekundu ya pilipili iliyoiva. Alikuwa ameinunua sokoni kwa fedha ya maziwa. Hakusema neno. Alisimama tu, akaunyosha mkono mmoja mbele kidogo kama mtu anayetazama kama mvua imekatika, akingoja niseme mimi. Nami, badala ya kumwamkia kama ipasavyo, nikasema, "Mama, rangi hii si ya wasichana?" Nilisema kwa kucheka. Naye akacheka. Akaniambia, "Palikuwa na baridi asubuhi, mwanangu," akaingia ndani. Alipotoka kuniletea chai alikuwa amejitanda shali yake ya kijivu, na tangu siku ile sikuiona tena sweta mwilini mwake.

Nimeyakumbuka maneno yangu yale mara nyingi, hasa asubuhi ninapofungua kabati. Maana kabati langu mimi ni nini? Mashati manne meupe, mawili ya buluu iliyopauka, suruali nyeusi, suruali ya kijivu, na suruali mbili za kaki. Makarani wenzangu wakitoka kazini saa kumi na moja ni kama kundi la njiwa. Hata neno lenyewe, kaki, limetoka katika lugha za Waajemi na Wahindi, na maana yake ni vumbi. Katika miaka ya 1840 askari wa kikosi kimoja cha Waingereza huko Peshawar walianza kuzitia nguo zao rangi ya vumbi ili adui asiwatambue mlimani. Kwa hiyo karani aliyevaa kaki amevaa nguo iliyobuniwa ili mtu asionekane, na mara nyingi hilo ndilo analolitaka, ijapokuwa hajapata kulisema.

Sizidharau nguo za vumbi. Zina sababu zake, nazo ni sababu njema. Uchafu wa njiani hauonekani upesi. Suruali moja ya kijivu huchukuana na kila shati, na mtu mwenye watoto wanne wa kulipiwa ada ya shule hawezi kununua nguo inayochukuana na nguo moja tu. Mkulima naye akinunua gauni au koti ataka livumilie udongo, utomvu wa ndizi na kamba ya kuni. Tena nguo ya kijivu haikumbukwi: ukiivaa Jumatatu na Alhamisi hapana atakayesema umerudia nguo, lakini nyekundu ukiivaa mara mbili kijiji kizima kitajua. Basi ni haki kwamba sehemu kubwa ya nguo zetu iwe ya rangi za kimya. Ninalolipinga ni ile fikira kwamba rangi za kimya ndizo za asili yetu na za heshima, na kwamba mtu mzima akivaa rangi kali amejisahau.

Tuitazame lugha yenyewe. Kiswahili kina maneno matatu tu ya rangi yanayobadilika kufuata jina kama zibadilikavyo sifa nyingine: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi zilizobaki tumeziazima kwa vitu. Kijivu ni jivu la jikoni, kijani ni jani, manjano ni mzizi unaotiwa katika mchuzi, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda linalotia ulimi rangi, na samawati ni mbingu. Kwa hiyo katika ukoo wa rangi zetu nyekundu ni mzaliwa wa nyumbani, na kijivu ndicho mgeni aliyekuja na jina la kuazima! Hata kwa mwili ni hivyo. Wazee wetu wa bara, Wamasai, Wakikuyu na wengineo, walikuwa wakijipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, na hapana aliyewaambia kwamba wamejisahau. Huo ulikuwa urembo wa watu wazima wenye heshima zao.

Sasa nifike pwani, maana huko rangi ilikuwa na uzito mkubwa kuliko urembo. Zamani za Sayyid Said nguo iliyoenea kutoka Unguja mpaka bara ilikuwa merikani, nguo ya pamba isiyotiwa rangi wala kusafishwa weupe, iliyofumwa katika viwanda vya Marekani na kuletwa na merikebu, hasa za bandari ya Salem. Sayyid alifanya mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na nguo ikapata jina la nchi ilikotoka. Vita vya wao kwa wao vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipoipunguza pamba ya Marekani, nguo za Uingereza na za Bombay zikashika mahali pake, lakini jina likabaki hata leo. Pamoja na merikani ilikuwapo kaniki, nguo iliyotiwa nili mpaka ikawa karibu nyeusi. Nguo hizo mbili zilikuwa za bei rahisi, nazo ndizo walizovikwa watumwa. Waungwana walivaa hariri na vitambaa vya rangi, wakajifunika vichwa. Mtumwa alikwenda kichwa wazi na miguu mitupu. Mgeni akishuka forodhani aliweza kujua kwa jicho tu nani ni nani, kabla hajasikia neno.

Mwaka 1897 Serikali ya Unguja iliufuta utumwa katika sheria, na pwani ya Kenya ikafuata mwaka 1907. Kanga ilikuwa imekwisha kuingia madukani miaka michache kabla ya hapo. Yasemwa kwamba mwanzo wanawake walinunua leso za mkono, wakaziunga sita kuwa nguo moja, na ndiyo sababu watu wa Mombasa waiita leso mpaka sasa. Na jina la kanga lilitoka kwa yule ndege mwenye madoadoa. Wanawake waliotoka utumwani hawakuwa na mashamba wala majumba. Walikuwa na ujira mdogo wa kuchuma karafuu, au wa kufua nguo na kuchukua maji, na katika ujira huo wakanunua kanga, wakaitupa kaniki. Wakajifunika vichwa kwa kanga ya pili. Hawakuwa na haja ya kuwaambia watu kwamba wao si watumwa tena, nguo ilisema.

Nimejiuliza siku ya kwanza ilikuwaje kwa mwanamke mmoja katika hao. Miaka thelathini amevaa kaniki, na leo atoka mlangoni amevaa nyekundu na nyeupe, apite mbele ya nyumba ya aliyekuwa bwana wake. Hapana shaka palikuwapo waliomcheka. Hapana shaka palikuwa na mtu mmoja, labda mwanawe, aliyesema kwamba rangi ile si ya mtu wa namna yake. Na kama mwanamke yule angalirudi ndani kwa ajili ya neno hilo, na wa pili naye akarudi, tusingalikuwa leo na kisutu cha nyekundu, nyeusi na nyeupe ambacho bibi arusi wa pwani hupewa, wala tusingalikuwa na maduka ya leso ya Biashara Street pale Mombasa, ambako jamaa ya Kaderdina Hajee Essak imekuwa ikiuza leso tangu karne ya kumi na tisa.

Hapa ndipo ninapoliona kosa langu waziwazi. Mtu aliyezoea kijivu akichagua nyekundu amekwisha kushindana na nafsi yake dukani. Ameirudisha mara mbili, ameuliza bei mara tatu. Anapofika nyumbani amebakiwa na ujasiri wa siku moja tu. Kama nguo hiyo itavaliwa mara ya pili au itafungiwa sandukuni, jambo hilo huamuliwa na yule wa kwanza anayemwona, na huyo si mtu wa mbali. Ni mume, ni mke, ni mwana. Mzaha wa sokoni mtu huusahau njiani. Mzaha wa mlangoni kwake haumtoki upesi.

Wapo watakaosema kwamba rangi hizi kali ni za viwandani, si za kweli. Ni kweli nyingi ni za viwandani. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, jina lake William Perkin, alikuwa akijaribu mjini London kutengeneza kwinini ya homa kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata uchafu mweusi uliokuwa na rangi ya zambarau ndani yake, na rangi hiyo ikamtajirisha. Baada yake wataalamu wa Ujerumani walitengeneza nyekundu iliyokuwa ikitolewa katika mizizi ya mmea, na mwaka 1897, mwaka ule ule wa Unguja, kampuni ya BASF ikaanza kuuza nili ya kiwandani. Lakini kijivu cha suruali yangu nacho kimetoka kiwandani, wala sijasikia mtu akikilaumu.

Lipo jambo moja la manufaa ambalo kila anayetaka kujaribu rangi mpya yafaa alijue. Mjini Paris, katika kiwanda cha Gobelins kinachofuma mapazia makubwa ya ukutani, alikuwapo mkuu wa kutia rangi aliyeitwa Chevreul. Watu walimlalamikia kwamba nyuzi zake nyeusi hazina nguvu, zinaonekana zimechujuka. Akazichunguza, akaona rangi haina kasoro yo yote. Kasoro ilikuwa katika rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 akatoa kitabu kikubwa akaeleza kwamba rangi mbili zikikaa pamoja kila moja huibadili mwenzake machoni. Nyekundu ikiwekwa kando ya kijani, zote mbili huzidi kuwaka. Nyekundu ikiwekwa kando ya kijivu, huonekana imekolea kuliko ilivyo. Nyekundu mbili zisizolingana zikikaa pamoja hugombana, na zote mbili huharibika.

Maana yake kwetu ni hii. Mtu mwenye sanduku la kijivu na kaki akivaa nguo moja ya rangi kali, rangi ile itaonekana kali kuliko ilivyokuwa dukani, ilipokuwa imetundikwa kati ya nguo nyingine za rangi. Mtu huivaa, hujitazama katika kioo, hushtuka, kisha husema, "Nimekosea rangi." Hakukosea. Ni jirani zake wa kijivu wanaoipandisha sauti. Aingoje kidogo mpaka macho yake yaizoee, na macho ya watu wa nyumbani pia. Mimi mwenyewe, kwa kutaka kulipa deni langu, nilinunua tai ya manjano, nikaifunga juu ya shati jeupe nikaenda nayo kazini. Siku ya kwanza watu watano walisema neno. Siku ya pili walikuwa wawili. Siku ya nne aliyeiona alikuwa mgeni mmoja aliyekuja kuuliza habari ya risiti yake, naye alisema kwamba aliambiwa amtafute yule bwana mwenye tai ya manjano. Katika miaka yangu yote mezani pale hapana aliyekuwa amepata kuniulizia ila kwa kuhesabu meza kutoka dirishani.

Anayeanza, basi, na aanze na nguo moja, nyingine zote ziwe zile alizozizoea. Kitambaa cha kichwa, tai, sweta au shati latosha. Nguo iliyo karibu na uso ina kazi kubwa kuliko sketi au suruali, maana rangi yake huakisi usoni. Kwa hiyo iweke chini ya kidevu ujitazame, lakini usijitazame ndani ya duka. Taa za dukani hudanganya. Mwombe mwenye duka ruhusa, utoke nayo mlangoni kwenye mwanga wa jua, na kama hakubali, yako maduka mengine. Asiyependa kuonekana usoni aweza kuanza mbali, kwa soksi, ijapokuwa soksi nyekundu mimi naona ni uoga uliovaa viatu.

Kabla ya kulipa, kama ni nguo ya pamba, lowesha pembe ya kitambaa cheupe, uisugue juu ya pindo la ndani. Kitambaa kikitoka na rangi, nguo hiyo itachuja. Si lazima uiache, lakini ifue peke yake kwa maji baridi mara tatu nne za kwanza, usiichemshe wala usiiache imelowekwa usiku kucha, kisha uigeuze ndani nje na kuianika kivulini, kwa maana jua letu hula nyekundu upesi. Nasema haya kwa uchungu. Nilipata kutia leso mpya ya mke wangu katika karai moja na mashati yangu manne, na kwa muda wa miezi miwili nilikwenda kazini nimevaa rangi ya waridi bila kupenda. Mke wangu hakunicheka. Alisema yanichukua vizuri. Nalitaja hilo ili mwone tofauti kati yake na mimi.

Mwezi uliopita nilikwenda kwetu, nikajipa moyo nikamwuliza Mama habari ya sweta. Alikuwa akichambua kahawa, hakuinua macho. Akasema alimpa jirani yetu wa ng'ambo ya bonde zamani sana, mama wa watoto saba, maana haikuwa na kazi sandukuni. "Yamchukua sana," akasema. "Siku ya soko nikiwa huku juu mikahawani namwona akipanda njia. Simwoni yeye, ni mbali, na macho yangu si ya zamani. Naiona sweta."

Nikatazama ng'ambo. Bonde lote lilikuwa kijani, migomba na mikahawa na nyasi za ng'ombe, na nikamkumbuka yule mtu wa Paris.

Nikamwambia nitamnunulia nyingine, nyekundu kama ile, nzuri zaidi. Akaniuliza kama nina hakika hiyo si ya wasichana. Sikuwa na jibu. Akaendelea kuchambua, na baada ya kitambo akasema kwamba nyekundu sasa ni ya jirani, watu wakiiona wanajua ni nani, na haifai wawe wawili. Akasema ameona sokoni sweta ya manjano. Nikitaka, niiache fedha mezani, na kwenda kuichagua atakwenda mwenyewe. Nami nimeiacha.